Poda na Maji Juu ya Simu

Kila ninapoegemeza simu kwenye kipande cha tofali mbele ya wanafunzi, huwa naifuta kwanza. Nafuta kioo, nafuta vitundu vya chini vinavyopokea sauti, halafu nageuka kidogo wasinione na kuvipuliza. Siku moja mwanafunzi wa nyuma alisema kwa sauti ya chini, lakini si chini vya kutosha, "Asistanti anaombea simu." Wenzake wakacheka. Nami nikacheka. Kisha jioni nzima nikajiuliza kama kweli nafanana na mtu anayeombea simu, na kama ninafanana naye, kuna ubaya gani.

Hapa Kasongo ndivyo tunavyofundisha sisi maasistanti, wasaidizi wa maprofesa. Profesa yuko Bukavu, au Kindu, au mbali zaidi. Zamani alikuwa anakuja mwenyewe, anafundisha somo zima katika juma moja, asubuhi hadi jua kuzama, mikono ya wanafunzi inauma kwa kuandika, kisha anaondoka hadi mwaka mwingine. Siku hizi barabara imeharibika, na habari za barabarani ni mbaya kuliko barabara yenyewe. Basi profesa anatuma sauti. Tunaipokea pale rezo, yaani mtandao, inapokubali, tunaunganisha simu na spika ndogo, na darasa zima linainama mbele kama watu wanaoota moto. Akikohoa huko aliko, kuna wanaoandika, kisha wanafuta.

Mimi mwenyewe nilisoma hivyo. Mwaka wa kwanza, mwalimu wa kompyuta alichora kibodi ubaoni kwa chaki, vitufe vyote, akatuita mmoja mmoja kwenda kugusa herufi. Kwa woga wa kushindwa nilifanya mazoezi kila mahali: juu ya meza, juu ya paja langu, hata mgongoni mwa mtoto wa mwenye nyumba wangu, mama mmoja Mwislamu mwenye duka karibu na msikiti, aliyeniuliza kama kwetu Kabambare ndivyo tunavyobembeleza watoto. Siku nilipogusa kibodi ya kweli, nilishtuka kuona kitufe kinazama. Ubaoni havikuwa vinazama. Niliondoa kidole haraka, nikidhani nimeharibu mali ya chuo.

Baba yangu aliipenda sana hadithi hiyo. Aliwaambia watu wote waliokuja kununua mpunga kwetu.

Alikuwa mkulima wa mpunga, upande wa Kabambare, siku nzima ya pikipiki kutoka hapa wakati wa kiangazi, na wakati wa mvua ni Mungu tu anayejua. Simu aliishika kwa mikono miwili kama yai la mtu mwingine. Lakini alikuwa na jambo lake moja, na jambo hilo ndilo ninaloandikia haya. Kila nilipokuwa nikirudi chuoni, aliniita uani, akachukua maji kinywani, akanipulizia kifuani manyunyu machache. Kisha akainama sikioni na kunipa neno. Maji kwanza, neno baadaye. Neno lenyewe alilisema polepole, la mimi peke yangu. Hata mama yangu, akisimama pale na kapu la muhogo wa kwenda nao chuoni, hakulisikia.

Hayakuwa maneno makubwa. Mwaka mmoja aliniambia, "Usiogope watu wanaosema haraka." Mwaka mwingine, "Ukijibu, jibu kwa sauti. Kosa linalosikika, watu watakusaidia nalo." Mtu mwingine angeyasahau kabla ya kufika barabarani. Mimi naligeuza jambo mara mia kabla ya kulala, kwa hiyo neno la baba lilinitosha mwaka mzima. Nilipoitwa mbele ya darasa, nililitafuta lile neno kama mtu anavyotafuta ukuta gizani, na nikalikuta mahali pake.

Kabla ya mwaka wa mwisho hakunipa neno. Alinipulizia maji tu, akasema, "La mwisho nimeliweka. Nitakupa siku ukimaliza. Hilo ndilo la kuishi nalo."

Safari nzima nililiwazia. Mwaka mzima.

Kazi yangu ya mwisho ilihusu mambo ninayoyafanya leo: matumizi ya simu katika chuo ambacho profesa hafiki. Niliandika kurasa nyingi nikieleza kwamba umbali si kizuizi tena. Niliamini. Profesa aliyeniongoza hatujawahi kuonana uso kwa uso hadi leo. Alinisahihisha kwa sauti, na nyuma ya sauti yake nilizoea kusikia jogoo wake.

Siku ya kutetea kazi, kwetu, familia inakuja. Inakuja na nguo mpya, na nyimbo, na zaidi ya yote inakuja na poda. Juri, yaani walimu wanaokupima, ikishatangaza kwamba umepita, wanakumwagia poda kichwani mpaka unatoka nje mweupe kama mtu aliyelala kwenye mashine ya kusaga. Mtu anayetoka na kichwa chake cheusi, watu wanamwuliza kama ameanguka mtihani au ni yatima.

Lakini mvua zilikuwa zimeanza, na miguu ya baba ilikuwa imevimba. Pumzi yake ilikuwa fupi. Akitoka kitandani hadi mlangoni alipumzika njiani. Kumpandisha pikipiki kwa barabara ile ilikuwa ni kumuua. Niliposikia hivyo nilisema tuahirishe. Baba akakataa. Ndipo binamu yangu, aliyekuwa amerudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Salamabila na simu kubwa mpya, akasema, "Mbona weye mwenyewe umeandika kitabu kizima ju ya mambo haya? Tutaingia kwa simu." Kila mtu alifurahi. Hata mimi nilijiona kama nimepata ukurasa mmoja zaidi wa kazi yangu.

Chumba kilikuwa kimejaa. Mwalimu wangu, yule wa jogoo, alikuwa kwenye simu moja, ameegemezwa kwenye tofali mezani pa juri, akionekana paji la uso na nusu ya miwani. Simu ya pili ilikuwa mkononi mwa mwenzangu wa darasa, imenielekea: hiyo ilikuwa familia yangu. Niliwaona wamekusanyika nyuma ya kanisa, mahali rezo inaposimama. Baba walikuwa wamempeleka pale kwa baiskeli, wakamkalisha kwenye kiti, blanketi mabegani. Alikuwa ameshika simu yeye mwenyewe, kwa mikono miwili, karibu mno, kwa hiyo kwa muda mrefu niliona nyusi zake tu.

Niliongea. Sikumbuki nilisema nini, nakumbuka tu nilisema kwa sauti. Mmoja wa walimu wa juri, mzee mwenye utani, akaniuliza, "Dada, umetuambia simu inaleta kila kitu darasani. Hakuna kisichopita?"

Nikajibu, "Picha nzito, profesa."

Watu wakacheka. Katika ile simu ya pili nikasikia na wa kwetu wanacheka, wamechelewa kidogo, kama mwangwi wa watu wema. Kisha juri ikatoka, ikarudi, ikatangaza: nimepita, na kwa heshima. Nikageuka mara moja kuitazama simu.

Niliona kidole gumba cha baba. Niliona mkono wa shangazi, dada yake baba, na bangili yake ya shaba. Halafu kioo kikawa cheupe. Nikadhani rezo imekwenda. Halafu katika weupe ule vikatokea vitone, vikateremka, vikaacha mistari. Na nyuma ya mistari nikaona kitu kinachotembea, ambacho leo najua kilikuwa mdomo wa baba yangu. Sauti ilikuwa kama ya mtu anayekanyaga pumba za mpunga. Nikaita, "Baba! Baba, sikusikii!" Kioo kikawa cheusi. Mwenzangu akatikisa simu. Nyuma yangu mama mwenye nyumba wangu, aliyekuja kusimama mahali pa wazazi, alikuwa tayari ananimwagia poda yake, anapiga vigelegele, na kila mtu alidhani nalia kwa furaha.

Mengine nilisimuliwa. Binamu yangu aliyasimulia hivi, na wengine hawakumkanusha.

Juri ilipotangaza, shangazi alifungua kopo la poda alilokuwa amelinunua tangu juma lililopita. Mtu mmoja akamwuliza, "Utamwaga wapi na mutoto haiko hapa?"

"Haiko namna gani?" shangazi akasema. "Kichwa chake si kile pale?"

"Shangazi, ile ni simu!" binamu akapiga kelele.

"Na miye nimesema ni muhogo? Sogea!"

Akamimina. Kopo lote, juu ya kioo, juu ya mikono ya baba, hadi kwenye blanketi. Watu wakaanza kuimba. Na baba, ambaye alikuwa akisubiri saa hiyo mwaka mzima, akaomba maji. Wakampa. Akayachukua kinywani, akapulizia kioo, kama alivyokuwa akipulizia kifua changu. Poda ikawa uji, uji ukaingia katika vile vitundu. Hakuna aliyemzuia. Ni nani angemzuia? Kisha akaiweka simu mdomoni, karibu kabisa, na wakati wengine wanaimba akalisema neno lake polepole, lote, mpaka mwisho. Akaishusha simu. Akasema, "Basi. Amesikia."

Kesho yake alinipigia kwa simu ndogo ya katekista wa kanisa letu. Nilisikia pumzi yake kabla ya sauti.

"Mama," akasema. Ndivyo alivyoniita, kwa kuwa nina jina la mama yake mzazi. "Ulisikia?"

Nilifikiri haraka, kama ninavyofikiri siku zote, majibu manne matano kwa mara moja. Kisha nikakumbuka: jibu kwa sauti.

"Sikusikia, Baba. Simu ilizibika."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Halafu akacheka, kicheko kifupi kilichoishia kwenye kikohozi. "Basi ile simu sasa iko na akili kuliko weye."

"Nirudilie, Baba. Niambie sasa."

"Sasa? Kwa simu ya katekista, na watu wamesimama hapa wanangoja zamu? Hapana. Nitakuambia ukifika."

"Nakuja kesho."

"Unakuja kesho na kazi umeiachia nani? Si walikuambia kuna masahihisho? Maliza kwanza. Neno haliozi, mama."

Nikakaa kumaliza. Mwalimu wangu alituma masahihisho kwa sauti, moja baada ya jingine, na jogoo wake nyuma. Kila jioni nilipanda kilimani kuyatafuta pale rezo inapokubali, nikashuka kuyaandika. Kompyuta ya chuo ilifanya kazi siku za jua tu, na siku za jua zilikuwa chache. Daraja moja la miti likachukuliwa na maji, wakalijenga, likachukuliwa tena. Jioni nilijiambia: kesho nitaacha kila kitu niende. Asubuhi nilijiambia: amesema nimalize. Niliyapima maneno yake kama yalikuwa amri au huruma. Hadi leo nayapima. Nadhani alijua kwamba nikifika bila kumaliza, mimi ndiye nisingejisamehe. Lakini labda alidhani tu kwamba ana muda.

Kisha binamu yangu akapiga kwa simu ya katekista. "Baba anazidiwa," akasema. "Njoo."

Kwetu kifo hakitumwi kwa simu. Hutumwa ugonjwa. Mtu anaambiwa mzee amezidiwa, anafunga safari, na kilio anakikuta mwenyewe, akiwa mikononi mwa watu. Hilo nilijua tangu utoto. Kwa hiyo siku ile nyuma ya pikipiki, na siku ya pili yake, maana tulilala njiani kwa ajili ya matope, nililishika neno hilo moja na kulichunguza kila upande. Anazidiwa. Wangesema amekufa kwa neno lilelile. Lakini kama kweli anazidiwa tu, wangesema nini? Neno lilelile. Nilimwuliza mwendesha pikipiki, mtu nisiyemjua, "Ukiambiwa mtu anazidiwa, unaelewa nini?" Akapanda kilima kizima na kukiteremka, kisha akasema, "Shika vizuri, dada. Kuna utelezi."

Kwenye kona ya nyumbani wanawake waliponiona walianza kulia. Walikuwa wamekwisha kumzika. Hawangeweza kungoja, na mimi najua hawangeweza.

Siku za kilio nilimwuliza kila mtu aliyekuwako nyuma ya kanisa. Mama alisema, "Na miye hakuniambia. Nilimwuliza. Alisema ni lako." Katekista alisema aliona midomo tu. Shangazi hakusubiri nimwulize. Alinishika kichwa, akakiweka kifuani pake, akasema, "Miye nilikuwa naimba, mama. Nilikuwa na furaha, basi nikaimba kwa nguvu. Kama ningalinyamaza kidogo! Ni poda yangu hii."

"Shangazi, ulifanya kama inavyotakiwa."

"Inatakiwa kichwani."

"Si ulisema kichwa changu kilikuwa pale?"

Akacheka huku analia, akanipiga begani. Lakini baadaye nilimkuta nyuma ya nyumba amekaa peke yake, anakung'uta nguo ambayo haikuwa na kitu.

Siku ya kuondoa kilio, binamu yangu alileta kapu dogo la mchele. Ulikuwa mchele wa shamba la baba. Akaingiza mkono, akatoa simu yake, imekauka, ina ukungu mweupe pembeni ya kioo. Alikuwa ameiweka humo tangu siku ile ili mchele unyonye maji. Akanipa mbele ya watu wote.

"Inawaka," akasema. "Haisikii tu. Ukiongea nayo, mutu wa upande mwingine hasikii kitu. Lakini inawaka." Akakifuta kioo kwa kidole. "Weye umesoma mambo haya. Baba aliongea ndani yake, sisi wote tuliona. Ile sauti haijabaki mahali?"

Nilimwona mama ameacha kupepeta. Shangazi alikuwa ameinua uso. Walikuwa wamengoja siku hizo zote, sasa nikaelewa; hawakuniambia kwa sababu walitaka kwanza nimalize kulia. Walikuwa wameitunza ile simu katika mchele kama mbegu, wakisema: mwenye shule akija, ataitoa.

Nilishika simu. Nilijua jibu. Nililijua vizuri kuliko jibu lolote nililowahi kutoa mbele ya juri: mazungumzo ya namna ile hayabaki. Yanapita. Na yale hayakupita hata kidogo, maana pale mlangoni pa sauti, katika vitundu, palikuwa na uji wa poda. Nilifungua simu, nikatafuta kila mahali panapotafutwa, polepole, mbele yao, ingawa nilijua. Nilikuta picha za machimbo, nyimbo, picha ya mbuzi. Sijui kama nilitafuta kwa ajili yao au kwa ajili yangu.

"Haikubaki," nikasema. Nilisema kwa sauti.

Binamu akatikisa kichwa. Mama akarudi kupepeta. Hakuna aliyenilaumu, na afadhali wangenilaumu. Nilimkumbuka yule mzee wa juri. Hakuna kisichopita? Picha nzito, profesa.

Nilikaa Kabambare hadi barabara ikakauka kidogo. Chuo kilikuwa kimenitumia ujumbe kwamba wananihitaji nisaidie masomo ya maprofesa wasiofika, yaani nikae na ile simu na tofali. Asubuhi ya kuondoka, pikipiki ikiwa tayari inanguruma barabarani, mama aliniita uani. Nilidhani ni muhogo. Alikuwa ameshika kikombe cha bati cha baba.

Alikuwa hajawahi kufanya hivyo. Alichukua maji mengi mno kinywani, mashavu yakamjaa, akasimama mbele yangu akinitazama kama mtu aliyesahau hatua inayofuata. Kisha akapuliza. Hayakuwa manyunyu. Nililowa uso, kifua, na kitambaa cha kichwa. Tukatazamana. Mimi ndiye niliyeanza kucheka, naye akacheka, akajifuta kidevu, halafu tukawa hatucheki tena.

Akainama sikioni mwangu, akaniambia neno. Sitaliandika, ni neno la mama, linahusu kula, na kulala mapema, na kutowaza sana, ambalo nimeshindwa kulifuata tangu siku hiyo.

Alipomaliza alinishika mabega. "Hilo ni langu miye," akasema. "La baba yako silijui. Nisikudanganye."

"Najua, Mama."

"Basi nenda. Mutu wa pikipiki anachoma mafuta yake."

Nilipanda. Simu ya binamu ilikuwa ndani ya mfuko wangu; alikataa kubaki nayo. Tulipofika kwenye daraja la miti upepo ulikuwa umenikausha uso wote. Nikaingiza mkono chini ya nguo kuona kama kifuani bado kuna maji. Palikuwa pamekauka pia.